Mafuta Juu, Maji Chini: Kampuni Iliyotapeliwa Ikakataa Kufa

Shangazi yangu huuza nafaka. Maharagwe, mchele, ndengu, njugu, kitu chochote kinachoingia kwa gunia. Mwaka jana alikuja jamaa mmoja, shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni, akasema anatafutia shule fulani ya bweni mtu wa kuwaletea chakula. Oda ya kwanza gunia 3, akalipa siku hiyo hiyo. Oda ya pili gunia 6, akalipa. Oda ya tatu ikaja na barua yenye muhuri: gunia 40, lori liko nje, hundi iko mkononi.

Shangazi hakuwa na gunia 40. Akakimbia Nyamakima akachukua 25 kwa mali kauli, vile watu wa Pwani huita kuchukua bidhaa kwa ahadi ya mdomo. Lori likapakia, likaondoka. Baada ya siku tatu benki ikarudisha hundi. Namba ya jamaa haipatikani. Shule yenyewe ilipopigiwa simu ikasema haimjui mtu kama huyo, na muhuri wao haufanani na ule.

Jioni hiyo tulikuwa tumejaa kwake, na yeye akauliza swali moja tu: "Sasa na mimi nimeibiwa. Kwani lazima nilipe watu?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi ndiye huitwa msomi wa familia, ingawa chuo niliachia njiani, kwa hivyo macho yote yakanigeukia. Sikuwa na jibu. Lakini nilipofika kwangu nikaanza kusoma kuhusu biashara zilizowahi kukanyagwa na bado zikasimama, na kuna moja ambayo iliwahi kukaa mbele ya swali lile lile la shangazi. Tofauti ni kwamba badala ya gunia 40 kulikuwa na matangi ya mafuta, na hasara ilizidi dola milioni 100. Wacha niwape hiyo stori polepole, halafu turudi Nyamakima.

Jamaa wa mafuta

Marekani, miaka ya 1950. Kuna mtu anaitwa Anthony De Angelis, watu humuita Tino. Mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, alikulia New York, akaanza maisha kama mtu wa bucha. Kabla ya mafuta alikuwa kwa biashara ya nyama, na kampuni aliyoisimamia ilijipata matatani kwa kuuzia mpango wa serikali wa chakula cha shule nyama ambayo haikuwa imekaguliwa. Ungedhani jina lake limeishia hapo. Wapi! Mwaka wa 1955 akafungua kampuni mpya, Allied Crude Vegetable Oil Refining Corporation, pale Bayonne, jimbo la New Jersey, ng'ambo kidogo tu ya New York.

Bayonne alipata uwanja wa matangi makubwa ya zamani, yaliyokuwa ya mafuta ya petroli, akayafanya ya mafuta ya kupikia. Serikali ya Marekani wakati huo ilikuwa na mazao ya ziada na mpango wa kuyapeleka nchi za nje, kwa hivyo mtu aliyeweza kusafirisha mafuta mengi alikuwa na soko. Shida ni kwamba kununua mafuta mengi kunataka doo nyingi, na benki haikukopeshi kwa sababu unajua kuongea. Inataka dhamana.

Hapo ndipo American Express inaingia. Sisi tunaijua kwa kadi, lakini ilianza mwaka wa 1850 kama kampuni ya kusafirisha mizigo na vifurushi, na kuanzia 1891 ikawa inauza hundi za wasafiri. Katika miaka hii ya Tino, moja ya kampuni zake tanzu ilikuwa na kazi ya kusimamia maghala ya watu wengine. Kazi yenyewe ni hivi: mali iko kwa ghala lako, wao wanaweka mtu wao hapo, anapima, halafu wanakupa stakabadhi inayosema "mali hii ipo, kiasi ni hiki". Unabeba hiyo karatasi hadi benki, benki inakukopesha.

Si kitu cha ajabu. Hata hapa Kenya tuko na sheria ya stakabadhi za ghala tangu 2019, ili mkulima wa mahindi aweke magunia yake ghalani na akope kwa karatasi, badala ya kuuza siku ya mavuno wakati bei imelala chini. Ni mfumo mzuri sana. Lakini uko na tundu moja: hiyo karatasi inaaminika tu kama macho ya aliyepima yanaaminika.

Na mafuta huelea juu ya maji. Hiyo unaijua bila kwenda shule, ni kuangalia tu sufuria ya mchuzi. Tino aliitumia kujenga utajiri wa hewa. Matangi yalijazwa maji, halafu mafuta yakamwagwa juu. Mkaguzi akipanda na kuteremsha kipimo chake, anatoa mafuta. Matangi mengine yalikuwa na bomba moja lililosimamishwa chini ya tundu la kupimia. Bomba peke yake ndilo lililokuwa na mafuta. Tena matangi yaliunganishwa kwa mabomba, kwa hivyo mafuta ya tangi lililokwisha kukaguliwa yangeweza kusukumwa hadi tangi linalofuata wakati mkaguzi bado anashuka ngazi.

Na walinzi waliowekwa hapo kwa niaba ya American Express je? Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa zamani wa Tino mwenyewe. Wahenga walituambia kuhusu kumpa fisi kazi ya kulinda bucha. Hapa fisi alipewa hadi kalamu ya kuandika ni kilo ngapi zimebaki.

Simu ambayo haikusikizwa

Hii sehemu ndiyo huniuma. Mwaka wa 1960, miaka mitatu kabla ya mambo kulipuka, kuna mtu asiyejitaja alipigia American Express simu akawaambia matangi ya Bayonne yana maji. Walienda kuangalia. Wakapata maji kwa baadhi ya matangi. Wakaelezwa ni bomba la mvuke limepasuka, wakakubali, maisha yakaendelea.

Kwa nini walikubali? Nadhani ni kwa sababu mteja alikuwa mkubwa na alikuwa analipa. Hii ndiyo njia ya wakora wote, wa Bayonne na wa Nyamakima. Mkora hakuibii siku ya kwanza. Siku ya kwanza anakulipa. Anakununulia imani kwa gunia 3, anaiongeza kwa gunia 6, halafu anaiuza yote kwa mpigo siku ya gunia 40. Ukifika hapo, hata ukiona kitu si sawa, moyo wako mwenyewe unamtetea. Unasema, "Huyu? Huyu hulipa."

Na ushahidi haukuwa umefichwa. Serikali ya Marekani ilikuwa ikichapisha takwimu za mafuta yaliyoko nchini. Stakabadhi za Tino zilifika mahali zikaonyesha mafuta mengi kuliko yale takwimu zilisema yako Marekani nzima. Karatasi mbili tu, ukiziweka kando kando. Hakuna aliyeziweka.

Novemba 1963

Tino hakutosheka na mikopo. Alichukua pesa hizo akaanza kununua kwa wingi mikataba ya mafuta ya soya na ya pamba, yaani mafuta ambayo yangeletwa miezi ya mbele, akitaka bei ipande. Alitegemea kwamba Umoja wa Kisovieti ungenunua mafuta mengi kutoka Marekani. Hiyo biashara haikutokea. Bei ikaporomoka, madalali wakamwambia aongeze pesa, hakuwa nazo. Tarehe 19 Novemba 1963 kampuni yake ikaomba kutangazwa kuwa imefilisika.

Wadai wakakimbilia matangi. Wakafungua. Maji.

Siku tatu baadaye Rais Kennedy akapigwa risasi Dallas, na dunia nzima ikageuza macho huko. Ndiyo maana watu wengi hawajawahi kusikia kashfa hii, ingawa ilikuwa moja ya ulaghai mkubwa zaidi kuwahi kuonekana katika biashara ya Marekani hadi wakati huo. Hasara ilikuwa takriban dola milioni 150, na waliokanyagwa ni benki na kampuni zaidi ya 50.

Mmoja wa waliokanyagwa alikuwa dalali wa hisa anayeitwa Ira Haupt & Co. Alikuwa amemkopea Tino pesa nyingi mno kwa benki, akitumia zile stakabadhi kama dhamana. Karatasi zilipogeuka kuwa takataka, Haupt hakumaliza hata wiki. Soko la Hisa la New York lilimfungia, na wanachama wa soko wakalazimika kuchanga mamilioni ya dola ili wateja wa kawaida wa Haupt wasipoteze akiba yao. Mwekeni Haupt kando kidogo, tutamrudia.

Swali la shangazi, kwa dola milioni 60

Sasa wadai wote wakamgeukia aliyetia sahihi. "Karatasi inasema mafuta yapo. Sahihi ni yenu. Leteni mafuta ama mlipe."

Mkubwa wa American Express wakati huo alikuwa Howard Clark. Alikuwa na mlango wa nyuma. Aliyetia sahihi ni kampuni tanzu, na kampuni tanzu haikuwa na pesa ya kulipa hasara kama hiyo. Hiyo kampuni ndogo iliingia kwenye ufilisi kabla mwaka kuisha. Clark angeweza kusimama mbele ya kamera akasema: nasi pia tumetapeliwa, poleni sana, sheria inasema deni si letu, tuonane kortini miaka kumi ijayo. Mawakili wangempigania. Na hangekuwa anadanganya, kwa sababu ni kweli walitapeliwa.

Kulikuwa pia na hofu ya upande mwingine. American Express wakati huo ilikuwa imeundwa kwa mtindo wa zamani ambao ungeweza kufanya wenyehisa wenyewe wadaiwe mali zao za nyumbani iwapo kampuni ingezama. Bei ya hisa, iliyokuwa karibu dola 60 kabla ya kashfa, ikashuka hadi karibu dola 35 mapema 1964. Watu walikuwa wanakimbia.

Clark akafanya uamuzi. Alisema kampuni mama ina wajibu wa kimaadili kuona kwamba wadai wanalipwa, na baadaye akaweka mezani dola milioni 60. Baadhi ya wenyehisa wakamshtaki. Hoja yao ilikuwa: hizi ni pesa zetu, na wewe unazigawa kama zawadi kwa watu ambao huenda sheria haituambii tuwalipe.

Kusema kweli, hoja yao si ya kijinga. Ni ile ile ya shangazi yangu. Nimeibiwa, sasa nijiibie tena mara ya pili?

Kwa nini Clark alikuwa na haki

Fikiria American Express ilikuwa inauza nini. Hundi ya msafiri ni karatasi. Wewe unalipa pesa leo, unapewa karatasi, unaenda nayo Roma ama Cairo, na unaamini kwamba mtu usiyemjua ataipokea na kukupa pesa. Mwaka wa 1914 vita vilipolipuka Ulaya na Wamarekani wengi wakakwama huko, benki nyingi zilikataa kuwapa watu pesa, lakini American Express iliendelea kulipa hundi zake. Hiyo siku moja ilijenga jina kuliko matangazo ya miaka hamsini.

Sasa kampuni ambayo inaishi kwa kuuza karatasi yenye sahihi yake inaweza kweli kusema, "hii karatasi yenye sahihi yetu si shida yetu"? Ikisema hivyo kwa mafuta, mtalii mwenye hundi Paris anajiuliza swali. Mwenye hoteli anajiuliza swali. Na wote wakijiuliza wiki moja, kila mtu analeta hundi yake ilipwe kwa wakati mmoja. Hapo hata dola milioni 60 haziwezi kukuokoa.

Kwa hivyo Clark hakuwa malaika. Alipiga hesabu. Wadai walikuwa wanataka zaidi ya mara mbili ya alichoweka mezani, na alijadiliana nao vikali. Lakini hesabu yake ilikuwa na kitu ambacho wenyehisa waliomshtaki hawakukiandika kwenye daftari: bei ya jina.

Kuna kijana mmoja aliyeliona hilo mapema. Alikuwa na miaka 33, anaishi Omaha, jina lake Warren Buffett, na wakati huo dunia haikuwa inamjua. Wengine walipokuwa wanasoma magazeti na kuuza hisa, yeye alienda kukaa karibu na keshia wa hoteli moja ya nyama pale mjini, akahesabu watu wanaolipa kwa kadi ya American Express. Akauliza mabenki na maajenti wa safari kama watu wameacha kununua hundi. Hawakuwa wameacha. Mtu wa kawaida hakujua wala kujali kuhusu soya ya Bayonne. Kidonda kilikuwa kikubwa, lakini kilikuwa kwa mguu. Moyo ulikuwa unapiga sawa.

Buffett akanunua karibu asilimia 5 ya kampuni kwa takriban dola milioni 13, ambayo ilikuwa sehemu kubwa sana ya pesa alizokuwa akisimamia. Halafu akamuunga Clark mkono. Aliona hizo dola milioni 60 kama gawio ambalo liliwekwa kwa posta likapotea njiani. Linauma, lakini hakuna mwenyehisa anayesema kampuni imekufa kwa sababu barua moja ilipotea.

Suluhu ikapatikana, wadai wakalipwa, na ndani ya miaka michache bei ya hisa ilikuwa imepita ile ya kabla ya kashfa. Tino alihukumiwa miaka 20 jela mwaka wa 1965, akatoka 1972. Kampuni iko hadi leo.

Wale ambao hawakuinuka

Sasa msiniambie, "buda, kumbe ni rahisi, unalipa tu watu unasimama." Si rahisi, na historia imejaa makaburi.

Haupt alitapeliwa na mtu yule yule, kwa karatasi zile zile, mwezi ule ule. Alikufa kwa sababu alikuwa ameweka uhai wake wote kwa mteja mmoja, tena kwa pesa za kukopa. Hata angetaka kulipa kila mtu kwa roho safi, angelipa na nini? Kwa hivyo uaminifu peke yake hauokoi. Clark alikuwa na biashara nyingine zilizokuwa zinaingiza pesa kila siku. Aliweza kuwa mkweli kwa sababu alikuwa na uwezo wa kugharamia ukweli wake.

Chukua Barings, benki ya Uingereza iliyoanzishwa 1762. Mwaka wa 1995 iliangushwa na mfanyakazi mmoja huko Singapore, Nick Leeson, ambaye alikuwa akifanya biashara na pia akisimamia ofisi ya kuandika na kuhakiki biashara hizo hizo. Alificha hasara kwa akaunti ya pembeni hadi ikafika zaidi ya pauni milioni 800. Benki ya zaidi ya miaka 230 iliuzwa kwa ING kwa pauni 1. Pauni moja, bei ya soda.

Na hapa nyumbani tunakumbuka Oktoba 2015, wakati Imperial Bank ilipowekwa chini ya usimamizi maalum na Benki Kuu baada ya wakurugenzi wake wenyewe kuripoti kwamba kuna mambo hayako sawa ndani. Watu waliamka wakapata milango imefungwa. Wenye akiba wakaanza kulipwa kidogo kidogo, na benki ile haikufunguka tena. Uozo ulikuwa umekaa ndani kwa miaka. Hakuna moyo uliobaki wa kupiga.

Ukiziweka stori hizi pamoja unaona kitu. Pesa iliyoibiwa huumiza biashara, lakini kinachoamua kama itaishi ni mambo matatu: hasara ilikaa gizani kwa muda gani, ulikuwa umeweka sehemu gani ya maisha yako kwa mtu mmoja, na ulisema nini kwa watu wako asubuhi iliyofuata.

Asubuhi iliyofuata

Hilo la tatu ndilo sisi Wakenya hutushinda, na ndilo nataka tuongelee hapa. Sisi tukitapeliwa tunaona aibu kuliko mwizi. Mkora yuko mahali anakula nyama choma kwa amani, wewe umezima simu, unapita njia ya nyuma ili mtu wa jumla asikuone, unamwambia mwenye nyumba "wiki ijayo" kwa sauti ya mtu mgonjwa. Unaogopa wataona wewe ni mjinga. Ukinyamaza hivyo, yule mtu wa jumla hajui umetapeliwa. Anachojua ni kwamba humlipi na humpokelei simu. Machoni pake, mkora ni wewe.

Kwa hivyo ukikanyagwa, kitu cha kwanza ni kujua hasara yote. Kaa chini uandike kila kitu, hata kile kinachokutia haya: nilipoteza kiasi gani, ya nani, na ya lini. Clark hakuweza kujadiliana na wadai kabla ya kujua stakabadhi ni ngapi. Wewe pia huwezi kumwambia mtu "nitakulipa" kama hujui unadaiwa ngapi.

Halafu fanya kama Buffett, uchunguze moyo. Je, wateja bado wanakuja? Bei yako bado ni nzuri? Kama duka lilikuwa linaingiza faida kabla ya mkora, bado linaweza kuingiza. Lakini kama ulikuwa unaishi kwa ile oda moja kubwa, basi ujue biashara ilikuwa mgonjwa hata kabla ya kuibiwa, na mkora alikuja kukuonyesha tu.

Nenda uwaone unaodaiwa nao kabla hawajasikia kwa watu. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kabla ya kulipa kuna kuonekana. Usiahidi chote. Clark hakuahidi chote. Ahidi kile utakachoweza, halafu kilete siku uliyosema.

Ripoti kwa polisi na kwa benki siku hiyo hiyo, na weka kila karatasi, kila meseji. Lakini usiketi ukingoja korti ikurudishie mtaji. Tino alifungwa, sawa, na kufungwa kwake hakukujaza tangi hata moja. Na mtu akikupigia simu kwamba anaweza kukurudishia pesa zako zote ukimtumia kidogo ya "kufungua faili", huyo ni mkora wa pili, anakula mabaki ya wa kwanza.

Mwisho, ziba tundu. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika hesabu peke yake. Mlinzi wa mali asiwe mtu wa mwenye kukopa. Pigia shule simu kwa namba uliyotafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye barua aliyokuletea. Oda ikizidi ukubwa wa duka lako, pesa iingie kwanza kabla lori halijawashwa. Na mtu akikupigia kukuambia kuna maji kwa tangi, usifurahie jibu rahisi.

Nyamakima

Nilimpelekea shangazi hii stori. Nusu yake hakuisikiza, alikuwa anachagua mawe kwa ndengu. Niliposema kampuni ililipa dola milioni 60 ambazo huenda sheria haikuilazimisha kulipa, akasimamisha mkono. Akauliza, "Na walibaki na nini?"

Nikamwambia walibaki na jina.

Asubuhi iliyofuata alijifunga leso akaenda Nyamakima. Alimwambia yule mzee wa jumla kila kitu, kuanzia gunia 3 hadi gunia 40, na akatoa pesa kidogo aliyokuwa nayo. Mzee alikasirika, tusidanganyane. Alimwambia kuanzia leo mali kauli imekwisha, ni pesa mkononi. Lakini hakumfukuza. Shangazi akawa anachukua gunia moja moja kwa pesa taslimu, na kila Jumamosi anapeleka kitu kwa lile deni. Miezi minane. Kuna Jumamosi alipeleka mia tano tu, akapeleka hivyo hivyo.

Deni liliisha mwezi wa pili mwaka huu. Yule jamaa wa shati la pasi hajapatikana, na pesa ya shangazi mwenyewe, ile ya gunia 15 zilizokuwa zake, ilikwenda na maji. Hiyo hairudi na hatujidanganyi. Duka ni dogo kuliko lilivyokuwa. Lakini juzi yule mzee alimpigia simu mwenyewe, akamwambia kuna maharagwe ya nyayo yameingia kutoka mpakani, bei nzuri, achukue gunia 5, atalipa akiuza.

Wahenga husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi naongeza tu: mhunzi aende kwa jirani aseme koleo limevunjika, kabla jirani hajasikia kwamba ameacha kazi.

Kama wewe ama mtu wenu mmewahi kukanyagwa, niambie: mlisema, ama mlinyamaza?